Sahani Nilizompelekea Mlinzi

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi saa nne, sasa jua limetoka na Kyebando yote, mtaa wetu hapa Kampala, inafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Jirani amepita, amelitazama beseni, hakuuliza. Siku hizi watu wananitazama bila kuuliza. Leo nataka kuandika kwa nini.

Shajara, sijakuandikia tangu Pasaka. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo moja, na hilo sikuweza kuliandika hapa, kwa sababu ukurasa huu wa mtandaoni nilifunguliwa na binti yangu Aber, naye huusoma akiwa kule Mbarara anakosomea ualimu. Nimemdanganya Aber kwa miezi minne. Jana nilimpigia simu nikamwambia ukweli, kwa hiyo leo mkono wangu uko huru.

Ukweli wenyewe ni mfupi: nilikuwa sili.

Sikugoma wala sikufunga. Hamu iliondoka tu, kama mpangaji anayehama bila kuaga, unakuja kugundua chumba ni kitupu. Ilianza Januari, na ilianza na vitunguu. Mimi ni mpishi katika kantini ya wafanyakazi pale Kyambogo. Kwa miaka kumi na tisa harufu ya kitunguu kikigusa mafuta ya moto imekuwa ndiyo saa yangu ya asubuhi, ndiyo inayoniambia siku imeanza. Januari harufu hiyo ilinitoa mbio nje kwa nyuma, nikashika ukuta. Baada ya vitunguu ikafuata samaki. Baada ya samaki, nyama. Mwisho hata chai ya maziwa, ambayo mtu wa Bungoma kama mimi hunywa kabla hajajua jina lake asubuhi.

Chakula kikawa kama habari za watu nisiowajua. Nazisikia, hazinihusu.

Pale kantini mpishi ndiye anayeonja. Nilianza kukosea chumvi. Siku moja maharage yalirudishwa dirishani, watu wakisema yana chumvi ya bahari nzima. Mwenzangu Nalongo, mama wa mapacha anayemenya matoke pamoja nami, aliyaona yakirudi. Kesho yake alikuja na kijiko chake mwenyewe, akaonja kabla yangu, akaongeza maji, akarudi kwenye matoke yake. Amekuwa akionja hivyo mpaka leo. Hatujawahi kulizungumza.

Halafu kuna joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika masikioni, kana kwamba mtu amenifunika blanketi lililotoka kupigwa pasi. Linakaa dakika tatu, nne, kisha linaondoka na kuniacha nimelowa na baridi. Niligundua kwamba chakula cha moto kinaliita. Nikiinamia tu sahani yenye moshi, linakuja. Basi nikawa naiogopa sahani.

Kila mtu alisema ni majonzi.

Mume wangu, Baba Aber, alifariki mwaka jana kwa presha. Asubuhi alifunga kamba za viatu, jioni hayupo. Ajabu ni kwamba miezi ya kwanza baada ya kumzika nilikula vizuri. Nilikula kila nilicholetewa, kwa utiifu, kama mgonjwa anayemeza dawa. Hamu ilikuja kuondoka karibu mwaka mzima baadaye, wakati watu walipokuwa wameshaacha kuniletea. Kanisani wakasema majonzi mengine huchelewa njiani. Nikawaamini.

Yeye angenigundua mapema. Alikuwa mtunza stoo ya sare katika polisi, na kwa kazi ile macho yake yalikuwa yamegeuka utepe wa fundi. Mtu akiingia mlangoni, kabla hajasalimu, Baba Aber alishajua kiuno chake na namba ya buti lake. Mimi alinipima hivyo mara ya kwanza, pale Malaba mpakani, nilipokuwa nikihudumu katika hoteli ya chai naye akiwa askari kijana kutoka kaskazini. Alinitazama nikibeba birika, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba viatu vyangu vinanibana. Vilikuwa vinanibana kweli. Yeye Mwacholi, mimi Mbukusu, lugha ya nyumba yetu ikawa Kiswahili, na sahani ya nyumba yetu ikawa moja, kwa sababu chumba cha kwanza tulichopanga tuliingia na sahani moja.

Baadaye tulipata nyingine nyingi, lakini tuliendelea kula katika moja. Kwao wanaume hula peke yao na wanawake hula jikoni. Nduguze walipotutembelea alikula nao kama desturi inavyotaka. Wakiondoka tu, alirudi upande wake wa sahani yangu.

Sijawahi kujifunza kula sahani isiyo na upande wa pili. Hilo nakiri, na hilo ni la majonzi kweli.

Februari Aber aliniona kwenye simu ya picha. Akauliza mashavu yangu yamekwenda wapi. Akasema mama asipokula yeye anafunga mizigo, anarudi nyumbani kunitunza, muhula utasubiri. Na huu ni mwaka wake wa mwisho. Baba yake alikuwa akihesabu mihula ile kwa vidole. Nikamwambia nitakula, na kwamba nitamtumia picha kila jioni ili aone.

Nikatuma. Kila jioni, kabla giza halijaingia, nilipika chakula kamili. Ugali wa wimbi, kunde zilizoungwa kwa odi, ile siagi ya karanga na ufuta wanayoipenda watu wa kaskazini. Siku nyingine wali na maharage, siku nyingine matoke na mchuzi wa karanga. Nilipakua vizuri, nikaweka kijiko pembeni, nikapiga picha, nikatuma. Aber alijibu kwa vimoyo vyekundu.

Kisha nilifunika sahani kwa sahani nyingine, nikaipeleka getini kwa mlinzi.

Mlinzi wetu tunamwita Papa Kasongo. Ni Mkongomani wa makamo, mtu mpole, mwenye koti moja la mvua analovaa hata jua likiwaka. Anayalinda makazi yetu, nyumba sita na geti moja. Mara ya kwanza nilimwambia nimepika kikazidi. Mara ya pili nilisema hivyo hivyo. Baada ya wiki sikusema tena, nilimkabidhi tu. Yeye naye hakuwa mtu wa kurudisha sahani tupu. Asubuhi nilikuta sahani zangu mlangoni zimeoshwa, na juu yake parachichi, au matunda ya pasheni mawili, au majani ya sukuma wiki yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba.

Sasa jiweke mahali pa majirani, shajara. Mjane. Mlinzi. Sahani zinazokwenda zimefunikwa na kurudi na zawadi. Mimi sikuliona. Nilikuwa ninaangalia jambo moja tu, kwamba chakula kitoke ndani ya nyumba bila kupita kinywani mwangu.

Nina jambo jingine la kukiri, na hili sijalisema hata kwa Aber. Akilisoma hapa, basi.

Hedhi yangu ilikuja Oktoba, ikaruka, ikaja kidogo Desemba, ikapotea. Kikaja na kichefuchefu, harufu zisizovumilika, uchovu wa mchana. Baada ya Pasaka nilikwenda Bukoto, mtaa wa jirani, nikaingia duka la dawa, nikanunua kipimo cha mimba. Mjane wa miaka hamsini na mmoja. Mume wangu yuko kaburini zaidi ya mwaka, na hajakuwapo mwingine, hata kwa mawazo. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili angeikataa.

Nilijua haiwezekani. Nilinunua hivyo hivyo.

Niliketi bafuni nikasubiri, na katika zile dakika chache niligundua kwamba ninatamani. Nilitamani iwe kwamba amesahau kitu chake ndani yangu, kwamba kimekawia tu, kama fundi anayeleta nguo baada ya sikukuu kupita. Mstari ulitokea mmoja. Nikakifunga kipimo katika gazeti nikakitupa. Nikalia sana, si kwa aibu. Aibu ilikuja baadaye, nilipokumbuka kwamba binti anayeuza katika duka lile anaimba kwaya moja na wifi yangu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kliniki. Musawo, kama wanavyoitwa hapa wahudumu wote wa afya, alikuwa mama wa umri wangu mwenye miwani ya kamba. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Ninalala vipi. Joto linakuja saa ngapi. Nasikia kiu au sisikii. Nakula na nani. Alinipima malaria, sukari, damu, na kipimo kile tulichokizoea sote, maana mtu akikonda Kampala watu wana jina moja tu la ugonjwa. Vyote vilitoka salama.

Akaniambia ni ukomo wa hedhi. Akasema kuna wanawake ambao homoni zikishuka wanakula sana, na kuna wengine ambao hamu inawatoka, harufu zinawasumbua, usingizi unakatika, na mwili uliokosa usingizi nao hauombi chakula. Na juu ya hayo nina msiba. Alisema nisisubiri njaa, nile kidogo kidogo mara nyingi, yai, maharage, samaki mdogo, karanga, maji ya kutosha. Lakini hakunificha. Nilikuwa nimepungua kilo saba. Akasema nirudi baada ya wiki nne, na kama mzani utakuwa umeshuka tena ataniandikia barua ya hospitali kubwa nikachunguzwe zaidi, kwa sababu haifai kusingizia umri kila kitu.

Wiki nne zinakwisha Jumatatu hii.

Na mimi niliendelea kupeleka sahani getini. Nilikuwa na jina la ugonjwa wangu, nilikuwa na maagizo, na bado kila nikiinua kijiko nilikirudisha sahanini. Usiku mmoja nilifikiri jambo ambalo sikuthubutu kulimalizia. Jambo hilo lilikaa nami mpaka Alhamisi.

Alhamisi ndiyo alikuja wifi yangu.

Wifi Akello ni dada mkubwa wa Baba Aber. Alikuwa askari magereza miaka thelathini, sasa amestaafu, anakaa Bukoto na kuku wake na kwaya yake. Ni mrefu, anatembea kama bado kuna mtu anamkagua. Alifika saa tisa mchana na begi la nguo, chupa ya odi na mfuko wa unga wa wimbi, akasema amekuja kukaa siku chache. Hakuniuliza kama nina nafasi. Kwao mjane bado ni mke wa ukoo, na dada wa marehemu haombi ruhusa.

Alikagua nyumba. Najua alikuwa anakagua kwa sababu alishika mikono nyuma. Alitazama jikoni, akatazama rafu, akatazama zile parachichi tatu za Papa Kasongo zilizopangwa dirishani, akazitazama kwa muda mrefu kuliko parachichi zinavyostahili. Kisha akavua viatu akaanza kupika. Nilipotaka kusaidia alinionyesha kiti.

Alipika kunde kwa odi na ugali wa wimbi. Halafu akafanya kitu kilichonishangaza: aliviacha vipoe. Alifunua vyungu, akaviweka dirishani, akaketi, akanisimulia habari za kuku wake kwa saa nzima. Nilisema nipashe moto. Mimi nimekuwa mke wa askari miaka ishirini na sita, na chakula baridi kwangu ni tusi. Akaniambia gerezani chakula kilifika baridi kila siku na hakuona mtu aliyekufa kwa baridi ya maharage.

Akaleta sahani moja, akaiweka kati yetu mkekani, kama wanawake wa kwao wanavyokula.

Yeye anajua kuusoma ugali. Kila anayekula ana upande wake, na upande wako ndio ushahidi wako. Nilimega tonge dogo, nikachovya, nikaweka mdomoni. Halikuja joto. Nilimeza. Nikamega jingine. Wifi alikuwa anakula upande wake taratibu, akichimba chini, na kila alipochimba kilima kiliegemea kwake, kisha akakisukuma kwa kidole gumba kirudi kwangu, bila kunitazama, akiendelea na habari za kuku. Tulifika matonge matano yangu. Nilihesabu. Yeye naye alihesabu.

Kisha akanawa mikono, akajifuta, akaniita kwa sauti ya kazini.

"Mama Aber. Mimi nilikaa na wafungwa miaka thelathini. Mtu akificha kitu, mimi najua. Ni ya nani?"

Nikamuuliza nini ni ya nani.

"Hiyo mimba."

Nilibaki nimeshika bakuli la maji. Akanihesabia kwa vidole. Kwanza, kipimo cha duka la dawa. Pili, kanisani nilikimbia chai ya baada ya ibada, nikasimama nje najipepea kwa kitabu cha nyimbo, ndiyo maana leo aliacha chakula kipoe. Tatu, mlinzi. Hapo kwenye kidole cha tatu alishusha sauti, akasema majirani wawili wamemwambia habari za sahani, kila mmoja kwa wakati wake, na hawapatani wale wawili hata kwa salamu, kwa hiyo lazima ni kweli.

Niliona jinsi mambo yote yalivyojipanga. Kila ushahidi wake ulikuwa sahihi. Nilitaka kucheka na nilitaka kujificha chini ya mkeka.

Kabla sijajibu, alisema maneno ambayo nitayabeba mpaka mwisho.

"Kama iko, iko. Wazee wakitoka nyumbani kuja kukuuliza, watanikuta mimi mlangoni. Lakini nataka nisikie kwa mdomo yako kwanza."

Alikuwa hajaja kunihukumu. Begi lile la nguo, odi ile, alikuwa amekuja kusimama mlangoni.

Nikamwambia. Hakuna mimba, wifi, hakuna hata hedhi, imekatika. Nikamwambia joto, vitunguu, chumvi, kilo saba, musawo, Jumatatu. Nikamwambia picha za Aber na kwamba Papa Kasongo amekula chakula changu cha miezi minne na ndiyo maana kanenepa hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua kitambaa cha kichwa, akajipepea nacho, akasema polepole, "Kumbe ni ile."

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi nikacheka kwa sababu yeye anacheka, na sijui mara ya mwisho ukuta ule ulisikia hivyo.

Kisha akanisimulia yake. Yeye ilimpata akiwa na miaka arobaini na saba, gwaride, jua la saa sita. Jasho lilimtiririka chini ya kofia wakati wenzake ni wakavu. Alijua ni malaria. Alimeza dawa ya malaria. Mwezi uliofuata joto likarudi, akameza tena. Kwa mwaka mmoja alijitibu malaria mara tatu, na mara ya nne akashona neti mpya. Alipungua mpaka mkanda wa kazi ukaongezwa matundu. Mama yake alikuwa ameshafariki. Na wale maofisa wanawake wakubwa pale kambini, waliopita njia hiyo kabla yake, hawakusema neno. Alikumbuka kwamba walikuwa wanavua koti tu, wanalitundika, wanafungua dirisha.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akanijibu kwamba hata mimi sikumwambia yeye, na ninakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Hapo ndipo nilipolimaliza lile wazo la usiku. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeanza kuamini mwili wangu umeamua kumfuata Baba Aber, kidogo kidogo, kwa kuacha kula, na kwamba kuna siku niliona sawa.

Hakucheka. Naye ni dada yake Baba Aber, amezaliwa naye tumbo moja.

"Mwili yako haifuati mtu," alisema. "Inabadilisha zamu tu. Wale wa zamu ya kwanza wamemaliza, wanakabidhi funguo. Lazima kelele kidogo iwe."

Niliinuka nikaiosha ile sahani.

Ijumaa asubuhi alikwenda mwenyewe getini kumwambia Papa Kasongo kwamba sahani zimekwisha. Nilimsihi aseme kwa upole. Nilisimama nyuma ya pazia kama mwizi. Alirudi taratibu, bila ile miguu ya gwaride, akaketi kabla ya kuongea. Papa Kasongo alikuwa amemwambia kwamba yeye siku zote alijua ni sadaka ya marehemu. Kwamba aliona mama wa nyumba namba nne anatoa chakula kila jioni kwa ajili ya mume wake, basi kila jioni kabla ya kufunua sahani alisimama akamwombea Baba Aber kwa jina.

Miezi minne. Kila jioni. Mimi nilikuwa ninatupa chakula, na mtu mwingine alikuwa anakipokea hivyo.

Nilimpikia mchana ule, nikampelekea mwenyewe bila kufunika. Nikamwomba radhi kwa uongo wangu. Alisema haoni uongo, tumbo lake limeona chakula. Nikamwambia kuanzia sasa nitaleta Jumapili tu, na itakuwa kweli ni kwa ajili ya marehemu. Akakubali, akasema Jumapili ni siku nzuri.

Jioni nilimpigia Aber. Nililia kabla sijasema, naye akadhani kuna msiba mwingine, ikabidi nianze na kumtuliza. Alikasirika. Alisema amezionyesha picha zile kwa wenzake wa chumba kimoja, akajisifu mama yake anakula vizuri. Nilimwacha akasirike, ana haki. Kisha akataka kufunga mizigo, na hapo shangazi yake alichukua simu mkononi mwangu. Sijui alimwambia nini kwa Kiacholi, nilisikia tu Aber anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Anabaki mpaka mitihani. Picha hataki tena. Anataka nimpigie kila Jumatano na Jumapili, nimwambie nimekula nini na nimeshindwa nini. Vyote viwili, alisema.

Leo wifi amekwenda Bukoto kuwaona kuku wake, atarudi kesho na nguo zaidi. Nadhani siku chache zake zitakuwa nyingi. Sijali. Kabla ya kuondoka aliniachia mbaazi zilizopikwa jana, baridi, na yai la kuchemsha, baridi, na bongo, yale maziwa mgando, yaliyokaa ndani ya maji ya mtungi. Vyote katika vikombe vidogo, kwa sababu anasema sahani kubwa inanitisha kama mkuu wa gereza.

Saa mbili nilikula nusu yai. Saa nne, mvua ilipokuwa inakatika, vijiko vitatu vya bongo. Saa sita mbaazi nilizishindwa. Nilizinusa, nikazirudisha, nikatembea mpaka getini na kurudi, nikajaribu tena, nikapata vijiko viwili. Naandika haya yote ili Jumatatu nimsomee musawo bila kupamba. Mzani utasema utakalosema. Siku tatu haziwezi kurudisha kilo saba, najua. Huenda akaniandikia ile barua ya hospitali. Akiniandikia nitakwenda, na wifi amesema tutakwenda wawili, na ole wake atakayetuambia tusubiri nje.

Sijui kama hamu itarudi yote. Musawo alisema kwa wengi hurudi, kwa mwendo wake. Sijui nitaonja lini tena mchuzi pale kantini bila Nalongo kutangulia. Jumanne nitamwambia Nalongo asante, hilo nimeliamua. Ana miaka arobaini na sita, na pengine nitamwambia na mengine, kabla hajaanza kumeza dawa za malaria.

Ninyi wachache mnaosoma hapa, kama kuna anayejipepea nje ya kanisa, mwambieni mtu.

Nimeacha kuandika kwa muda hapo juu. Kulikuwa na kitu. Nilidhani ni lile joto, nikangoja lipande kifuani, halikupanda. Kilikuwa chini zaidi, kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha akiogopa kuamsha wenye nyumba. Nimetulia nikakisikiliza. Ni muda mrefu, ilibidi nifikirie ndipo nikijue jina.

Ni njaa.

Si kubwa. Huenda ni ya leo tu, ikapotea tena kabla ya Jumatatu. Lakini imekuja yenyewe, sikuiita, na haifai mgeni wa namna hii kumwacha amesimama. Natoa miguu ndani ya maji. Kesho ikifika, inikute nimekula.